Taa Imewaka, Mashine Je? Umeme wa Karakana za Nyumbani

Mwaka 2022 wilaya za Kakonko, Kibondo na Kasulu, huko nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ziliunganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia iliyotokea kituo cha kupozea umeme cha Nyakanazi. Kabla ya hapo wilaya hizo zilitegemea jenereta za dizeli, ambazo mafuta yake yalisafirishwa kwa magari mwendo mrefu, na ambazo zilipopumzishwa, wananchi nao walilazimika kupumzika. Leo umeme unaofika katika miji midogo ya ukanda huo ni ule ule unaowasha taa za Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam. Hilo ni jambo la kushukuriwa, wala hapana haja ya kulipunguzia heshima yake.

Lakini umeme una kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuwasha taa, na hiyo huonekana siku ile ile waya unapofungwa. Kazi ya pili ni kuzungusha mashine, na hiyo haiji yenyewe. Makala haya yanahusu kazi hiyo ya pili, na hasa mahali inapoanzia kwa wananchi wengi, yaani katika karakana ndogo iliyo uani mwa nyumba ya fundi, ambamo mashine tatu, nne au tano zinangoja kula kutoka katika waya mmoja ulioletwa kwa ajili ya taa, redio na pasi.

Tumeichagua Mtendeli, katika Wilaya ya Kakonko, kwa sababu maalumu. Jina hilo lilijulikana duniani kwa ajili ya kambi ya wakimbizi wa Burundi, iliyofunguliwa upya mwaka 2016 na kufungwa mwaka 2021, wakazi wake wakahamishiwa kambi ya Nduta, Wilaya ya Kibondo. Kambi kubwa ni soko kubwa, na soko la namna hiyo huja na huondoka kwa amri zisizotoka kijijini. Kinachobaki ni ardhi, misitu, nyuki na ujuzi wa watu. Nchi ile ina mninga, ina asali iliyopata sifa, na kila mfugaji wa nyuki anayetaka mzinga wa kisasa anahitaji seremala awezaye kukata mbao zilizolingana kwa kipimo kimoja. Mbao kumi zaweza kulinganishwa kwa randa ya mkono. Mbao elfu moja zahitaji mashine. Hapo ndipo swali la umeme wa karakana linapokuwa swali la riziki.

Ndugu msomaji wa visiwani huenda akajiuliza, Kakonko inamhusu nini mtu wa Unguja au Pemba? Inamhusu sana. Unguja ilianza kupata umeme wa bara mwaka 1980 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na waya wa pili ukaongezwa mwaka 2013. Pemba ilipata wake kutoka Tanga mwaka 2010. Waliokuwapo Unguja mwezi Mei na Juni mwaka 2008, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuelezwa maana ya kukaa mwishoni mwa waya. Mtendeli na visiwa, ingawa mmoja uko milimani na wengine wako baharini, ni majirani katika jambo hili moja: umeme hufika kwao ukiwa umesafiri mbali, na kila kasoro ya njiani huonekana kwao kwanza. Fundi wa milango wa Unguja na fundi wa mizinga wa Kakonko wana mwalimu mmoja na taabu moja.

Sasa tuingie karakanani. Tuchukue mfano wa fundi seremala ambaye pia huchomelea madirisha ya chuma. Ana msumeno wa meza wenye mota ya nguvu za farasi 3, kompresa ya nguvu za farasi 2 kwa ajili ya kupulizia rangi, keekee au mashine ya kunolea ya kiasi cha wati elfu moja, na mashine ya kuchomelea. Ameungiwa umeme wa njia moja, wa volti 230. Msumeno wake, ukiwa kazini, unakula kiasi cha ampea 15, kompresa 10, mashine ndogo 5, mashine ya kuchomelea, kwa kazi ya kawaida, 25 au zaidi, na taa ampea 1. Ukijumlisha vyote unapata ampea 56.

Mtu akiiona hesabu hiyo atakata tamaa, au atadharau hesabu yenyewe na kuunganisha ovyo. Yote mawili ni makosa. Fundi ana mikono miwili. Hawezi kupasua mbao na kuchomelea dirisha kwa dakika moja. Akiwa na mwanafunzi mmoja, mashine zitakazofanya kazi pamoja pengine ni msumeno, kompresa na taa, yaani ampea 26. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza linahusu mashine ngapi zitazunguka kwa wakati mmoja, na ipi kati yake ni kubwa kuliko zote. Idadi ya mashine zilizomo ndani haitoshi kulijibu. Karakana nyingi za nyumbani zingeweza kuendeshwa kwa umeme wa njia moja bila hasara, kama kanuni hii moja ingeheshimiwa: mashine kubwa ziwashwe moja baada ya nyingine, na mashine ya kuchomelea isiwashwe wakati msumeno unapasua.

Hata hivyo hesabu haiishii hapo, kwa kuwa mota ina tabia ya pekee. Inapoanza kuzunguka kutoka katika utulivu, huvuta umeme mara tano, sita au hata zaidi ya ule inaovuta ikiwa imekwisha shika mwendo. Mota yetu ya ampea 15 inaweza kwa nukta chache kudai ampea 90. Hapo ndipo waya mwembamba unapoumbuka. Tuseme karakana iko mita 40 kutoka kwenye mita ya LUKU, na fundi amevuta waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule unaotumiwa kwa soketi za chumbani. Msumeno ukiwa katika mwendo, waya huo unapoteza kiasi cha volti 11. Wakati wa kuanza, unaweza kupoteza volti 40 hadi 50. Ongeza zile zinazopotea tangu kwenye transfoma, na mota huweza kubaki na volti 180 au pungufu.

Wengi hudhani kwamba volti zikipungua kidogo, nguvu nayo hupungua kidogo. Sivyo. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hupungua kwa kipeo cha pili cha volti. Mota iliyozoea volti 230, ikipewa 180, hubaki na asilimia 61 tu ya nguvu yake ya kuanzia. Itanguruma bila kushika mwendo. Wakati inanguruma itaendelea kuvuta umeme mwingi. Na umeme mwingi ni joto. Baada ya siku kadhaa za namna hiyo koili huungua, na fundi hulaumu kiwanda kilichotengeneza mota, au hulaumu shirika la umeme. Lakini kama waya ungekuwa wa milimita 10 za mraba, upotevu wa kuanzia kwa umbali huo huo ungekuwa volti 15 hivi. Waya mnene una bei yake, lakini fundi huununua mara moja tu.

Kuna na hatari nyingine, ambazo hizi hazichomi mota bali huondoa viungo na maisha. Plagi ya kawaida ya vichwa vitatu tunayoitumia majumbani imepimwa kwa ampea 13. Mashine ya ampea 15 haina haki ya kuchomekwa hapo, hata kama inaingia vizuri. Yenye haki hiyo ni mashine ndogo tu, na wala si tatu kwa pamoja juu ya soketi moja ya kugawia. Waya wa kurefushia ulioviringishwa kama kamba nao hujipasha moto wenyewe, na katikati ya vumbi la mbao na maranda, moto haungoji kualikwa. Na yule anayeona fyuzi inakatika kila siku, akaiondoa na kufunga kipande cha waya wa shaba au msumari, amemnyamazisha mlinzi na kumwachia mwizi mlango.

Karakana yenye mashine nyingi yapasa kuwa na kisanduku chake cha kugawia umeme, kinacholishwa kwa waya mnene kutoka kwenye mita, na ndani yake kila mashine kubwa iwe na njia yake na kikata umeme chake. Taa nazo ziwe na njia yake peke yake. Sababu ni nyepesi kuieleza: kama taa na msumeno viko pamoja, siku kikata umeme kitakapofyatuka, fundi atabaki gizani akiwa ameinamia upanga wa chuma ambao bado unazunguka kwa kasi yake yenyewe. Taa ikibaki inawaka, mkono unabaki salama.

Kwa wale wanaoishi mwishoni mwa waya, ambao kwao kukatika kwa umeme ni jambo la kawaida, kuna kifaa kimoja ambacho tungependa kiwe katika kila msumeno na kila mashine ya kuranda. Ni swichi ambayo umeme ukikatika hujifungua yenyewe, na umeme ukirudi haiwashi mashine mpaka mtu abonyeze kwa hiari yake. Pasipo swichi hiyo, hadithi ni hii: umeme unakatika, fundi anaiacha mashine na kwenda kunywa maji, mwanafunzi au mtoto wa nyumbani anaanza kusafisha maranda kwenye meno ya msumeno, na umeme unarudi. Katika kiwanda kuna uzio na msimamizi. Katika karakana ya nyumbani kuna watoto. Kwa hiyo karakana ya nyumbani inastahili ulinzi mkubwa zaidi ya ule wa kiwandani, ilhali mara nyingi ndiyo isiyo nao.

Waya wa ardhini nao usisahauliwe. Udongo mkavu wa kiangazi katika nyanda za Kigoma, na miamba ya matumbawe ya visiwani, vyote viwili haviupokei umeme kwa urahisi. Chuma kimoja kilichopigwa chini bila kupimwa hakitoshi kuwa kinga. Ndiyo maana njia za soketi za karakana zifungwe kikata umeme cha kugundua uvujaji, kile cha miliampea 30, ambacho hukata kabla mtu hajadhurika. Kwa ndugu zetu wa visiwani, ambako chumvi ya hewani hula maungio ya chuma na shaba, maungio hayo yakaguliwe mara kwa mara. Na aliye na jenereta ya akiba aiunge kwa swichi ya kubadilishia peke yake, isiyoruhusu vyanzo viwili kukutana. Jenereta iliyochomekwa ovyo hurudisha umeme wake kwenye nguzo, ukapanda kupitia transfoma hadi kuwa wa maelfu ya volti, na ukamwua mtumishi aliyepanda nguzoni akiamini kwamba laini imezimwa.

Tumesema kwamba karakana nyingi zaweza kuishi kwa umeme wa njia moja. Lakini ziko zitakazokua, na tunataka zikue. Kwa hizo, umeme wa njia tatu, wa volti 400, ndio unaofaa. Mota ile ile ya nguvu za farasi 3 ambayo kwa njia moja ilikula ampea 15, kwa njia tatu hula kiasi cha ampea 5 katika kila waya. Mota yenyewe ni nyepesi katika muundo, haihitaji kapasita ya kuanzia, na hudumu. Mzigo hugawanywa, jirani hawaoni taa zao zikififia, na transfoma haielemewi upande mmoja. Ila mwenye mota ya njia tatu awe na kinga ya kuizima pale waya mmoja kati ya mitatu unapopotea, maana mota hiyo ikiendelea kuzunguka kwa nyaya mbili huungua kimya kimya.

Kwa anayengoja njia tatu zimfikie, ipo dawa ya katikati. Kuna vifaa vya elektroniki vinavyopokea umeme wa njia moja na kutoa wa njia tatu, huku vikiiwasha mota polepole badala ya kuishtua, hivyo kuondoa ule mvuto mkubwa wa kuanzia. Mota yenye maandishi ya volti 230/400 huungwa kwa mtindo wa pembetatu ili ikubaliane na kifaa hicho. Ni vema kila mota iwe na kifaa chake, na isiwekwe swichi ya kuwashia na kuzimia kati ya kifaa na mota. Kwa matumizi ya mota moja ya kiasi cha farasi 2 au 3, njia hii yaweza kuwa nafuu kuliko kuvutiwa laini mpya.

Sasa tugeukie upande wa Serikali na mashirika yake, kwa heshima na kwa uwazi. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umefanya kazi ambayo kizazi kilichotangulia kingeiona kama ndoto. Kufikia mwaka 2025 Serikali ilikwisha kutangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikishiwa umeme. Na bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Kwa hiyo si rahisi tena kusema kwamba umeme hautoshi. Swali limehama kutoka kwenye bwawa likaja kwenye nguzo ya mwisho. Vijijini, matawi mengi ya mwisho ni ya njia moja, yaliyopimwa kwa hesabu ya taa, na fundi anayeomba njia tatu huambiwa nguzo na nyaya ziongezwe kwa gharama asiyoimudu.

Bei nayo ina funzo lake. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alilipa shilingi 100 kwa uniti, na mtumiaji wa kawaida shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Msumeno wetu wa farasi 3, ukizunguka saa moja tu kwa siku, kwa siku 26 za kazi, unamaliza uniti hizo 75 peke yake, pasipo kuhesabu taa wala pasi. Ndiyo kusema kwamba fundi anapoanza kuzalisha, siku hiyo hiyo anaondoka katika kundi la wanaosaidiwa, na mama wa nyumbani anayeishi naye chini ya mita moja anaondoka pamoja naye. Hatusemi kwamba fundi auziwe umeme kwa hasara. Tunasema aelezwe mapema, na karakana iwekewe mita yake, ili hesabu ya kazi isimeze hesabu ya nyumba.

Tunapendekeza mambo manne. La kwanza, kabla laini haijapimwa, mtendaji wa kijiji na wataalamu waorodheshe karakana, mashine za kusaga na warsha zilizopo, ili njia tatu zipite karibu nazo na si karibu na barabara tu. La pili, gharama ya kuunganishiwa njia tatu ilipwe kidogo kidogo kwa mafundi wenye kazi inayoonekana. La tatu, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa namna hii hasa, lishirikiane na vyuo vya VETA kuwafundisha mafundi wa vijijini hesabu ya mzigo na kinga za mashine, kwa Kiswahili na kwa vitendo. La nne, ukaguzi wa wayaringi wa karakana ufanywe kwa nia ya kuelekeza kwanza na kuadhibu baadaye, maana fundi anayeogopa mkaguzi hujificha, na anayejificha huunganisha usiku.

Na kwa fundi mwenyewe tuna neno moja. Ziko leseni zinazotolewa kwa mafundi umeme na mamlaka za udhibiti. Aliye nayo, mwite. Asiye nayo, hata akiwa rafiki, usimkabidhi uhai wa wanao. Fedha utakayomlipa mwenye ujuzi ni ndogo kuliko bei ya mota moja iliyoungua, na haina mfano na bei ya kidole.

Kambi ya Mtendeli imefungwa, na soko lake limekwenda nayo. Nguzo zimesimama. Kama katika miaka ijayo mizinga ya nyuki ya Kakonko itatengenezwa Kakonko, na milango ya Unguja na Pemba itaendelea kuchongwa na watu wa Unguja na Pemba badala ya kushushwa bandarini ikiwa imekwisha tengenezwa, itakuwa ni kwa sababu mtu fulani ofisini aliikumbuka karakana ya uani wakati anachora laini, na mtu fulani karakanani alipima waya wake kabla ya kubonyeza swichi.